Kufundisha hisabati sekondari kwa mbinu shirikishi: kuanzia kuchagua kazi hadi kufunga kipindi

Kuwaketisha wanafunzi katika makundi hakulifanyi somo kuwa shirikishi. Ukiyapa makundi zoezi lilelile ambalo ungelitatua mwenyewe ubaoni, mmoja atafanya, wa pili atatazama, na wengine watasubiri kunakili. Kinacholibadilisha somo ni kazi uliyowapa na namna unavyoyakusanya mawazo yao mbele ya darasa zima kabla kengele haijalia. Mwongozo huu unatumia nafasi yake kubwa kwenye mambo hayo mawili. Mpangilio wa viti ni jambo dogo.

Nadharia inayosimama nyuma ya mbinu hizi inaweza kusemwa kwa ufupi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba mtu huelewa jambo jipya kwa kulipachika kwenye anayoyajua tayari, na likikataa kupachikika hulazimika kuyapanga upya yale aliyokuwa akiyajua. Lev Vygotsky, wa Umoja wa Kisovieti, aliongeza kwamba kati ya lile mwanafunzi analoliweza peke yake na lile asiloliweza kabisa kuna eneo analoliweza akisaidiwa kidogo, na humo ndimo mafundisho yanamofaa kulenga. Kwa mwalimu wa hisabati maana yake ni kwamba kazi unayotoa iwe rahisi kuianza na ngumu kuimaliza kwa maarifa ya jana. Maelezo yako bado yanahitajika sana, ila yanakuja baada ya wanafunzi kuwa na swali ambalo maelezo hayo yanalijibu.

Kuchagua kazi

Kazi inayofaa ina dalili tatu. Mwanafunzi dhaifu anaweza kuianza bila kuuliza atumie kanuni gani. Ina njia zaidi ya moja. Na mtu akikosea, kazi yenyewe inamwonyesha kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Dalili hii ya tatu husahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo inayomwokoa mwalimu mwenye darasa la watu 60, kwa sababu hawezi kufika kwenye kila daftari kuweka tiki.

Huna haja ya kutunga kazi mpya kila wiki. Chukua zoezi la kitabuni uligeuze. "Tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (2, 3) na (6, 11)" lina jibu moja, 2, na likishapatikana hakuna cha kujadili. Sasa lisome likiwa limegeuzwa: "Andikeni jozi tatu za nukta ambazo mstari unaoziunganisha una mteremko wa 2. Angalau nukta moja iwe na namba hasi. Kisha elezeni mtakavyopata jozi ya nne bila kukokotoa." Wengi wataanza kwa kubahatisha. Baada ya dakika chache wataona kwamba kila wakienda hatua moja kulia wanapanda mbili, na hapo mteremko unaacha kuwa kanuni ya kukariri na kuwa tabia ya mstari. Kundi moja litatoa jozi zilizo juu ya mstari uleule, jingine litatoa za mistari sambamba, na tofauti hiyo ni somo la siku inayofuata.

Njia nyingine ya kugeuza ni kutoa jibu na kuomba namba: "Namba tano kamili chanya zina wastani wa 8, na ukizipanga kwa ukubwa ile ya katikati ni 6. Zitafuteni. Kisha zitafuteni tena, safari hii ile kubwa kuliko zote iwe kubwa kadiri inavyowezekana." Jibu la sehemu ya pili ni 1, 1, 6, 6 na 26. Kundi litakaloandika 1, 2, 6, 7 na 24 lililazimisha namba zote ziwe tofauti bila kuambiwa, na mjadala wa kwa nini walifanya hivyo unafundisha maana ya wastani kuliko maswali kumi ya kujumlisha na kugawanya.

Unaweza pia kuandika ubaoni suluhisho mbili za swali moja, moja ikiwa na kosa, na usiseme ni ipi.

Kabla ya kipindi, tatua kazi hiyo mwenyewe kwa kila njia unayoweza kuifikiria, zikiwemo njia za makosa. Kwenye andalio la somo andika safu mbili: atakachofanya mwanafunzi, na swali utakalomuuliza akifika hapo. Asiyejiandaa hivi hushtukizwa na wazo geni, na mwalimu aliyeshtukizwa huishia kusema "njia hiyo ni sahihi, lakini tutumie hii yangu." Ukishasema hivyo mara mbili, darasa limeshajua kwamba kazi yao ni kubahatisha unachokitaka.

Somo moja kwa karibu: kukamilisha mraba

Mada hii, ambayo ni njia ya kutatua mlinganyo wenye x², kwa kawaida hufundishwa kama amri: chukua namba iliyo mbele ya x, igawe kwa 2, izidishe kwa yenyewe, ongeza pande zote mbili. Hukaririwa, na baada ya mwezi nusu yake imepotea. Kwa karatasi, wanafunzi wanaweza kuifikia wenyewe katika dakika 80. Kama vipindi vyako ni vya dakika 40, katisha somo baada ya swali la tatu la kadi iliyo hapa chini.

Kila kundi lipe karatasi moja ngumu ya manila yenye ukubwa wa A4, rula na mkasi. Wakate mraba mmoja mkubwa wenye upande x, vipande virefu 12 vya sentimita 1 kwa x, na miraba midogo 30 ya sentimita 1 kwa 1. Sasa angalia jambo hili, maana ndilo linaloharibu somo kwa wengi: usichague x iwe namba kamili. Ukichagua sentimita 5, wanafunzi wataona miraba midogo mitano inalingana na kipande kirefu kimoja, wataandika x = 5, na somo zima litageuka hesabu ya kujumlisha. Tumia 7.3. Bora zaidi, yape makundi urefu tofauti, mengine 6.4, mengine 7.3, mengine 8.6. Zote zinaenea kwenye karatasi moja, na baadaye makundi yanapogundua kwamba yamepata jibu moja ingawa karatasi zao hazilingani, yatakuwa yameelewa kwa nini tunaandika herufi badala ya namba.

Kukata huchukua dakika 15 hadi 20. Kama muda ni mfinyu, kata mwenyewe siku moja kabla na uweke kila seti kwenye bahasha, zitadumu miaka. Kadi ya kazi iwe na maswali haya tu:

1. Chukueni mraba mkubwa na vipande virefu 6. Vipangeni viwe mraba mmoja kamili bila kupandanisha. Kimepungua nini?
2. Rudieni kwa vipande 4, kisha kwa vipande 10.
3. Bila kupanga chochote: vipande 20 vitahitaji miraba midogo mingapi? Na 100?
4. Na vipande 5?

Kwenye swali la kwanza, makundi kadhaa yataweka vipande vyote sita upande mmoja na kupata mstatili mrefu. Usiseme wamekosea. Uliza, "Upande huu una urefu gani? Na huu?" Watajibu x na x + 6, na watavunja wenyewe. Wakishaweka vitatu upande mmoja na vitatu upande wa pili, pembe moja inabaki tupu, na pembe hiyo inajazwa na miraba midogo 9. Kwa vipande 4 inajazwa na 4. Kwa vipande 10, na 25. Kundi fulani linaweza kuweka vipande vinne kuzunguka pande zote nne, likapata mapengo manne madogo kwenye pembe. Nao wamejaza 4. Liache hilo hadi wakati wa majadiliano, maana ni zuri.

Swali la tatu lipo ili waache karatasi. Anayeendelea kuhesabu vipande hatafika 100, kwa hiyo atalazimika kutafuta mpangilio: nusu ya 20 ni 10, na 10 kwa 10 ni 100, kwa vipande 100 jibu ni 2,500. Swali la nne huleta ubishi. Wengine watasema haiwezekani. Wengine watakikata kipande cha tano kwa upana, na umbo halitakaa. Anayekipasua kwa urefu anapata vipande viwili na nusu kila upande, na pembe ya 2.5 kwa 2.5, yaani 6.25. Wakifika hapo, kanuni wameitunga wenyewe, na kilichobaki ni kuiandika kwa lugha ya hisabati.

Kisha andika ubaoni x² + 10x = 39. Mfano huu ni wa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, naye aliutatua kwa michoro ya namna hii hii, mmoja wa vipande pande mbili na mwingine wa vipande pande zote nne. Umbo la kushoto linahitaji 25 ili liwe mraba. Uliza upande wa kulia utakuwaje. Wakisema 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, na kwa kuwa upande huo ni x + 5, x ni 3. Usiishie hapo. Wape −13 waipachike kwenye mlinganyo: 169 kutoa 130 ni 39. Namba hii inakubalika, ilhali hakuna karatasi yenye upande wa hasi 13. Al-Khwarizmi mwenyewe alitoa jibu chanya peke yake. Waache wabishane dakika tano kuhusu karatasi inaonyesha nini na inaficha nini. Mjadala huo ndio unaowavusha kutoka kwenye picha kwenda kwenye aljebra.

Usijaribu kulazimisha x² − 6x kwa vipande vya rangi nyingine. Huwachanganya. Chora mraba wa upande x, ondoa ukanda wa 3 upande mmoja na ukanda wa 3 upande wa pili, kisha uliza ni sehemu gani imeondolewa mara mbili. Ni pembe ya 9, kwa hiyo inarudishwa mara moja, na (x − 3)² = x² − 6x + 9 inaonekana kwa macho.

Makundi

Watatu watatu. Wawili wakikwama wote wawili hakuna wa kuwanasua. Wanne wakikaa, mmoja hupumzika. Wagawe kwa bahati nasibu mbele ya macho yao, kwa karata au kwa vikaratasi vyenye namba, na ubadilishe kila kipindi. Ukiwapanga kwa uwezo, watagundua siku ya pili nani ni kundi la wajinga, na kuanzia hapo kundi hilo halitafanya kazi.

Kila kundi liwe na kalamu moja tu. Anayeshika kalamu haandiki wazo lake, anaandika la mwenzake. Ukisema "badilisheni", kalamu inahama. Ni kanuni ndogo, lakini inamziba yule anayejua kila kitu na kumfungua yule asiyesema. Wakiweza kusimama na kuandika ukutani, iwe kwenye ubao, kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa au nyuma ya kalenda ya zamani, fanya hivyo: unaona kazi ya makundi 15 kwa kugeuza shingo, na wao wanaonana. Kundi lililokwama likichungulia la jirani, usiite wizi, ila liulize wamechukua nini na kwa nini kinafaa.

Kelele zitakuwepo. Kelele za kazi huzitambui kwa ukubwa wake bali kwa maneno yaliyomo. Pita karibu usikie.

Na unapopita, usishike kalamu yao. Mwalimu akishaandika mstari mmoja kwenye karatasi ya kundi, kundi hilo linaacha kufikiri na kumsubiri arudi. Ukiulizwa "Mwalimu, hii ni sahihi?" rudisha swali: "Mngemthibitishiaje mtu asiyeamini?" Ukiulizwa jambo la kuelewa kazi ("tunaruhusiwa kukata?"), jibu mara moja na kwa ufupi. Kuwanyima jibu la aina hii ni kuwapotezea muda bure.

Kuuliza na kunyamaza

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojibu wakaongezeka, na wanafunzi wakaanza kuulizana wao kwa wao. Sekunde tatu ni ndefu mno ukiwa umesimama mbele ya darasa kimya. Hesabu kimoyomoyo.

Kuna kimya cha pili ambacho ni muhimu zaidi: kile cha baada ya jibu. Ukisema "vizuri sana" papo hapo, waliobaki wanafunga daftari, kwa kuwa swali limeshajibiwa. Ukikunja uso, aliyejibu anafuta. Pokea jibu sahihi na lisilo sahihi kwa sura ileile, andika yote mawili ubaoni, kisha uliza darasa. Maswali machache yanatosha kwa mwaka mzima: "Umejuaje?" "Nani anaweza kusema alichosema mwenzetu kwa maneno yake?" "Ingekuwaje kama namba hii ingekuwa hasi?" "Ni wakati gani jambo hili lisingekuwa kweli?"

Kuikusanya kazi

Hapa ndipo masomo mengi shirikishi hufia. Makundi yanafanya kazi nzuri, muda unayoyoma, zikibaki dakika tatu mwalimu anaita kila kundi "liwasilishe", wa kwanza anasoma, wa pili anasema "kama wenzetu", kengele inalia. Wanafunzi wanaondoka na karatasi zilizokatwa bila kujua walichojifunza.

Tenga angalau theluthi ya kipindi kwa sehemu hii, na usiite makundi yote. Ulipokuwa ukizunguka uliandika kwenye karatasi yako nani amefanya nini. Sasa chagua kazi tatu na uzipange kwa makusudi. Anza na ile iliyo wazi zaidi kwa wote, mara nyingi ni ya kuhesabu au kuchora, ili kila mtu apate pa kushika. Fuata na ile yenye jedwali au mpangilio. Malizia na ile ya herufi. Katika somo la mraba: kwanza kundi lililopanga karatasi, kisha lililoandika 4, 9, 25 kwenye jedwali, mwisho lililoandika nusu ya b kwa nusu ya b, b ikiwa idadi ya vipande virefu. Baada ya kila moja, uliza: "Iko wapi ile pembe tupu kwenye jedwali hili? Iko wapi kwenye herufi hizi?" Kuunganisha huku ni kazi ya mwalimu, na wanafunzi hawataifanya kwa bahati.

Ukichagua kazi yenye kosa, mwombe mwenyewe ruhusa kabla, na anza kwa kusema ni wazo gani ndani yake lenye maana. Kosa lisiwe la mwisho kuonyeshwa, maana cha mwisho ndicho kinachobaki kichwani.

Kisha, na hapa usione haya, eleza. Taja jina la mbinu, andika kanuni kwa alama zake rasmi, tatua mfano mmoja safi tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika tano hadi nane. Maelezo haya yanasikilizwa kwa namna ambayo yasingesikilizwa mwanzoni mwa kipindi. Wape dakika nyingine tano waandike maelezo yao wenyewe: mfano mmoja, mchoro mmoja, na sentensi moja inayoanza na "Jihadhari na…". Mwisho, swali moja la kujibu peke yao kwenye kikaratasi wanachokuachia mlangoni. Vipange kwa haraka katika mafungu matatu: wameweza, wamekaribia, hawajaelewa. Ukubwa wa fungu la tatu ndio unaoamua uanze na nini kesho.

Kazi ya makosa yanayojirudia

Baadhi ya makosa hayafi kwa kusahihishwa. Mwanafunzi anaandika (a + b)² = a² + b² kidato baada ya kidato, kwa sababu kusambaza kulimfaa kwenye 2(a + b) na haoni kwa nini kusimfae hapa. Kosa la namna hii huondoka likigongana na jambo ambalo mwenyewe hawezi kulikana. Mtake kwanza atabiri kwa maandishi, ndipo ajaribu kwa namba. Je, sin 60° ni mara mbili ya sin 30°? Akishaandika "ndiyo", apige kwenye kikokotoo: mara mbili ya 0.5 ni 1, na sin 60° ni kama 0.866. Je, logi ya (10 + 10) ni logi ya 10 jumlisha logi ya 10? Upande mmoja 1.301, mwingine 2. Bila utabiri wa maandishi mgongano haupo, maana kila mtu atadai alijua.

Chombo kizuri kwa mada yoyote ni kadi za "daima, mara nyingine, kamwe". Andika kauli kwenye kadi, kundi liziweke katika mafungu matatu na litoe sababu:

- Jumla ya namba tatu kamili zinazofuatana hugawanyika kwa 3.
- Jumla ya namba nne kamili zinazofuatana hugawanyika kwa 4.
- x² ni kubwa kuliko x.
- Mstatili wenye mzingo mkubwa zaidi una eneo kubwa zaidi.
- Mlinganyo wa kipeo cha pili una majibu mawili.

Ya kwanza ni daima, kwa kuwa n + (n + 1) + (n + 2) = 3n + 3. Ya pili ni kamwe, na wengi huiweka kwenye daima kwa kuifuata ya kwanza. 4n + 6 siku zote huacha baki ya 2. Zilizobaki ni mara nyingine, na hapo kazi ni kusema lini hasa: x² haizidi x kuanzia 0 hadi 1. Kundi likisema "daima" kwa sababu limejaribu mifano mitatu, umepata mlango wa kuingilia kwenye uthibitisho. Kadi sita hadi nane zinatosha kwa kipindi. Zikizidi hapo wanaanza kuzitupa tu kwenye mafungu.

Sanduku la karatasi

Kwa grafu na kwa kalkulasi, kazi hii ya zamani bado haijapata mpinzani. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kata mraba wa upande x kwenye kila pembe, kunja, upate sanduku lisilo na kifuniko. Uliza kabla ya kukata: ujazo utabadilikaje x ikiongezeka? Andika utabiri ubaoni. Utapata wanaosema haubadiliki kwa kuwa karatasi ni ileile, na wanaosema unaongezeka tu kwa kuwa sanduku linakuwa refu.

Gawa thamani za x kuanzia 1 hadi 8, kila thamani kwa makundi mawili. Kila kundi liweke nukta yake kwenye grafu moja kubwa ukutani. Ujazo kwa sentimita za ujazo unatoka 526.3 kwa x = 1, unapanda 873.8, 1,066.5, hadi 1,128.4 kwa x = 4, kisha unashuka 1,083.5, 955.8, 769.3 na 548 kwa x = 8. Kosa la kawaida ni kutoa x mara moja badala ya mara mbili kwenye kila upande. Kundi la x = 4 likifanya hivyo litapata 1,747.6, na nukta yao itaning'inia peke yake juu ya nyingine zote. Hutahitaji kusema neno. Kosa la pili ni kuzungusha 29.7 iwe 30, ambalo huhamisha nukta kidogo tu. Lifichue kwa kulinganisha makundi mawili ya thamani ileile.

Baadaye uliza nani amesema kilele kiko kwenye 4 kamili. Kwa 4.1 wanapata 1,128.32, kwa 4.05 wanapata 1,128.49. Waliofika kwenye kalkulasi wataandika 12x² − 202.8x + 623.7 = 0 na kupata takriban 4.04 na 12.86. Waulize kwa nini la pili halifai. Wakijibu "kwa sababu ni kubwa," sisitiza: kubwa kuliko nini? Kuliko 10.5, nusu ya upande mfupi.

Kompyuta na simu

GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, haina malipo kwa mwanafunzi na inafanya kazi kwenye simu. Tatizo lake ni kwamba kutelezesha vitelezi kunafurahisha bila kufikirisha. Sheria moja inatosha: hakuna kusogeza kitu kabla ya kuandika utabiri. Mfano unaolipa: y = ax² + bx + c, sogeza b peke yake. Karibu kila mtu atatabiri kwamba parabola itakwenda kushoto na kulia tu. Washa alama ya nyayo, inayoonyesha njia nukta inapopita, kwenye ncha yake na utaona ncha hiyo inachora parabola nyingine iliyopinduka, y = c − ax². Kwa nini? Hilo ni zoezi la nyumbani la aljebra.

Mahali mbinu hii isipofaa

Kuna mambo ambayo hakuna mtu atakayeyagundua kwa sababu ni makubaliano ya watu: mpangilio wa matendo, alama ya mzizi, jina la radiani, kwa nini mhimili wa x unalala. Yaseme tu. Wanafunzi wanaweza kuuzungusha uzi wenye urefu wa nusu kipenyo kwenye mduara na kuona unaingia mara 6 na kipande kinachobaki, lakini jina la pembe ambayo uzi huo unaifungua katikati ya mduara, yaani radiani, lazima walipate kwako.

Tahadhari nyingine ni kwa mwanafunzi mchanga kabisa katika mada. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliukosoa vikali ufundishaji wenye mwongozo kidogo, wakisema akili ya mgeni hujaa haraka na haibakiwi na nafasi ya kujifunza. Hoja yao ina uzito pale hatua zinapokuwa nyingi na ngeni zote kwa pamoja, kama mgawanyo mrefu wa polinomia. Hapo toa mfano uliotatuliwa kikamilifu, kisha mwingine wenye hatua moja iliyoachwa wazi, kisha hatua mbili, ndipo kazi huru.

Na mazoezi yako palepale. Kukamilisha mraba kwa karatasi kunampa mwanafunzi sababu, hakumpi wepesi wa mkono. Maswali 8 hadi 12 siku hiyo, matatu wiki inayofuata, mawili baada ya mwezi yakiwa yamechanganywa na mada nyingine.

Kuanza bila kuachwa na mtaala

Usigeuze vipindi vyote. Chagua kipindi kimoja cha kufungulia kila mada kubwa, pale dhana inapozaliwa, na vingine viendelee kama kawaida vikiwa na maswali bora na kimya kirefu zaidi. Vipindi viwili au vitatu vya kwanza vitakwenda ovyo: wanafunzi waliozoea kunakili wataona unawatesa, na wale wa mbele ndio watakaolalamika zaidi. Waambie wazi unachopima. Kwenye kazi ya kundi toa alama kwa sababu iliyoelezwa, si kwa jibu peke yake, na kwenye jaribio la mwezi weka angalau swali moja la "eleza kwa nini" lenye alama za kutosha. Kisichokuwemo kwenye jaribio hakitachukuliwa kwa uzito, hata ukihubiri.